Neno "Down" Lilizaliwa Kilimani

Jumapili ukiingia soko la Kibuye hapa Kisumu, hutembei, unasukumwa. Nilikuwa nimeandamana na mpwa wangu, binti ya dadangu, aliyekuwa ameitwa chuo kule Njoro. Mamake alinituma kwa maneno machache: mtafutie mtoto koti. Mtu aliyelelewa kando ya ziwa haijui baridi. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai kule haimwonei mtu huruma.

Tulilipata katika rundo la tatu. Koti jeusi, limefura kama mto wa kulalia, lakini ukiliinua ni jepesi kama gazeti. Muuzaji akaona macho yetu yalipotua. "Jaduong', hiyo ni kamera," akaniambia, yaani nguo ya kuchaguliwa mwanzo kabisa kabla mikono ya wengine haijapita. "Soma lebo mwenyewe." Lebo iliandikwa: 80% down.

"Mjomba," msichana akaninong'oneza, "asilimia themanini chini? Maana yake nini?"

Muuzaji alikuwa na masikio. "Madam, hiyo ni bei. Imeshuka asilimia themanini."

"Imeshuka kutoka ngapi?" nikamuuliza. Akacheka, akasema shilingi 2,000. Tuliondoka nalo kwa 1,300, na swali nikaondoka nalo mimi, maana nyumbani kwetu mimi ndiye mtu wa maneno. Anayejulikana kwa maneno hana ruhusa ya kusema "sijui" mbele ya mpwa wake.

Nianze na koti, ndipo nilitoe njiani. "Down" ya kwenye lebo ni yale manyoya laini yanayokaa chini ya manyoya makubwa ya bata, karibu na ngozi, yanayomkinga ndege na baridi ya maji. Neno hilo Waingereza walilichukua kutoka Kinorse cha Kale, lugha ya mabaharia wa Skandinavia, ambamo lilikuwa dúnn. Halina undugu wowote na "down" ya kwenda chini. Ni maneno mawili yaliyotoka njia mbili yakagongana katika tahajia moja, yakabaki hapo. Kiswahili chenyewe kina mfano mtamu kuliko huo. Malaika ni wa mbinguni, na malaika ni vile vinyweleo vya mkononi vinavyosimama ukipigwa na upepo. Hakuna anayedhani mkono wake umeota mabawa.

Kwa hiyo koti tuliweke kando. Neno lenye kisa ni lile la pili, lile tunalolisikia kila siku hapa hata na watu wasiozungumza Kiingereza: mtandao uko "down", leo niko "down", kaa "down". Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kwamba "down" ni chini, basi. Ila ukilifuata neno hili nyuma miaka elfu moja, hulikuti chini. Unalikuta juu, limekaa mgongoni mwa kilima.

Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa mpaka miaka ya 1100 hivi, dūn lilikuwa jina la kilima. Kile kistari juu ya u kinaonyesha kwamba sauti ilivutwa: duun, kama tunavyovuta mwisho wa neno letu "juu". Hakikuwa kilima cha kutisha. Wanaochunguza majina ya mahali Uingereza wanaona kwamba dūn mara nyingi ilikuwa kilima cha wastani chenye mgongo ulionyooka, mahali panapofaa watu kujenga na kulima. Ukitaka picha yake, usifikirie Mlima Elgon. Fikiria vilima vya Maragoli, ambako nyumba, migomba na makaburi ya familia vimepanda pamoja mpaka kileleni.

Mtu akitoka kwenye kilima cha namna hiyo, walisema ametoka of dūne. Hapo ndipo mchezo wote ulipo. "Of" ya siku zile haikuwa ile "of" ya leo tunayoitafsiri kwa "ya" na "wa". Ilimaanisha "kutoka", na "off" ya leo ni pacha wake ambaye zamani hakutengwa naye. Of dūne, basi, ni "kutoka kilimani". Maneno mawili ya kawaida kabisa, kama mtu anavyosema ametoka sokoni.

Kwa kuwa yalitamkwa pamoja kila siku, yakashikana: ofdūne. Kisha ile of, ambayo haikupewa mkazo, ikalika ikabaki adūne. Kisha hata hiyo a ikaanguka. Kikabaki kilima peke yake, kikifanya kazi ya maneno mawili. Karne kadhaa baadaye sauti ndefu za Kiingereza zikageuka, na uu ikawa au: hūs ikawa "house", mūs ikawa "mouse", tūn ikawa "town", na dūn ikawa "down".

Kulika huku si jambo geni kwetu. Mwana wa nchi alitembea akawa mwananchi, na hiyo "wa" hakuna aliyeizika. Ilimezwa tu mdomoni. Simama kwenye stendi ya Kisumu usikilize konda anavyoitisha abiria wa Nakuru. "Naks! Naks! Naks mbili wa haraka!" Nusu ya mji umeachwa nyuma na hakuna abiria anayepotea.

Kinachoshangaza ni maana ilivyogeuka, na hapa nilimtengenezea mpwa wangu mfano wa jikoni. Chukulia kwamba watu wa Maragoli, kila wakiteremka kuja Kisumu, wanasema "nimetoka kilimani". Wanasema hivyo vizazi na vizazi. Neno "nimetoka" linachoka, linafupika, linapotea. Wajukuu wanabaki na "kilimani" tu, na kwao "kilimani" imekuwa njia ya kusema upande wa kuteremkia. Mwishowe mama anamwambia mtoto: "Weka kikombe kilimani." Mgeni anaambiwa: "Karibu, kaa kilimani." Bei ya sukari inaenda kilimani na watu wanafurahi. Ndivyo Waingereza wanavyosema mpaka leo, ila hawasikii.

Msichana alicheka mpaka chai ikamwagika, kilimani.

Wao wenyewe wana ushahidi mbele ya macho yao. Kusini mwa Uingereza kuna safu mbili za vilima vya chokaa vinavyoitwa North Downs na South Downs. Mtalii akifika na Kiingereza chake cha shuleni hutafuta mabonde, akapewa mlima wa kupanda. Si mirefu, haifiki mita 300, na ukiisimamisha kando ya safu ya Nandi inayoutazama uwanda wa Kano ingeonekana kama matuta ya viazi. Lakini ni vilima, na jina lake ni lile lile dūn ambalo halikubadili kazi. Neno moja lilizaa watoto wawili: mmoja akabaki nyumbani kilimani, mwingine akateremka akawa maarufu.

Majina ya miji yao nayo yamelificha. Wimbledon, ambako mashabiki wa tenisi hukaza macho kila mwaka, ni kilima cha mtu wa kale aliyeitwa Wynnman. Swindon ni kilima cha nguruwe. Huntingdon ni kilima cha mwindaji. Ila si kila "don" ni kilima. Croydon, kwa mfano, mwisho wake unatokana na neno la bonde. Ndiyo maana sipendi watu wanaochambua majina kwa masikio tu.

Jina ninalolipenda zaidi ni Bredon Hill, katika jimbo la Worcestershire. Watu wa kale wa kisiwa kile waliokuwa na lugha ya Kikelti walikiita kilima hicho kwa neno lao la kilima. Wakaja Waingereza, wakadhani hilo ni jina, wakaongeza dūn. Vizazi vya baadaye vikasahau maana ya vyote viwili, vikaongeza "hill". Kwa hiyo kinaitwa Kilima Kilima Kilima, na hakuna anayekataa. Kabla hatujawacheka, tutazame kwetu. Siaya kuna Got Ramogi, ambako masimulizi ya Wajaluo yanasema Ramogi alipiga kambi na watu wake. Got ni kilima. Halafu tunaandika kwa vibao na magazeti "kilima cha Got Ramogi". Pale Seme, wageni hupelekwa kuona "jiwe la Kit Mikayi", na kit tayari ni jiwe la. Mlima Kilimanjaro nauacha.

Sasa njoo kwenye neno letu. Kiingereza kilienda kilimani kutafuta neno la chini; Kiswahili kilienda wapi? Kilitazama miguuni. "Chini" ni nchi pamoja na ile -ni ya mahali, ile ile ya nyumbani na shambani. Nchini, yaani penye nchi, penye ardhi. Zamani nchi haikuwa kwanza serikali na bendera. Ilikuwa udongo unaokanyagwa. Ile n ya mwanzo ikaanguka, likabaki chini. Leo tukitaka kusema "katika nchi" inatubidi tuirudishe n mahali pake, tuseme nchini, na maneno hayo mawili ya mama mmoja hayajuani tena.

Hebu lisikie hilo kwenye mikutano ya siasa. Mgombea anapaza sauti kwamba anampigania mwananchi wa chini. Mwana wa nchi wa nchini! Ameitaja ardhi mara mbili kwa pumzi moja, na bado mwananchi hajapata hata ploti.

Ndugu zake Kiswahili wamepita njia hiyo hiyo. Mluhya akikukaribisha atakuambia ikhala hasi, keti chini, na ndani ya hiyo hasi mna shina lile lile la nchi. Mganda upande wa pili wa mpaka wa Busia husema wansi, na ensi kwake ni nchi, ni dunia. Ukifika Nakuru, Mkikuyu atakuambia ikara thĩ, na thĩ ni ardhi. Hayo yote ni matawi ya Kibantu, si ajabu yakifanana. Ila Dholuo si Kibantu. Kilikuja kutoka upande wa Mto Nile na sarufi yake si yetu. Nacho kinasemaje? Bed piny. Kaa ardhi. Piny ni udongo, ni chini, ni nchi, ni ulimwengu, kulingana na ulivyokaa kwenye sentensi. Mwaka 1921, wakati Waluo walipojikusanya Lundha kule Gem kulalamikia kodi, kipande cha utambulisho na kazi za lazima za serikali ya kikoloni, vuguvugu lao liliitwa Piny Owacho: nchi imesema. Ni piny ile ile anayoambiwa mgeni akalie.

Kwa hiyo tofauti iko hapa. Kwetu, jina la upande limetokana na mahali unapofikia: unaelekea ardhini, unasema ardhini. Kiingereza kililitoa jina lake mahali ulipoondokea: umetoka kilimani, unasema kilimani. Njia ni moja, mteremko ni mmoja, ila mmoja alitazama mbele na mwingine nyuma.

Najua kuna watu ambao wakifika hapa wataanza kujenga falsafa: Mwafrika hivi, Mzungu vile, sisi watu wa udongo na wao watu wa vilele. Mimi simo. Kiingereza kilikuwa na neno jingine la kawaida la chini kabla ya hili, niþer, ambalo lile herufi la katikati husomwa th. Neno hilo lilisukumwa pembeni na "down" polepole, likabaki kwenye mabaki machache, na ndugu zake bado wanatumika Ujerumani na Uholanzi. Jina lenyewe la Uholanzi katika Kiingereza, Netherlands, ni nchi za chini. Kwa hiyo Waingereza walikuwa na neno zuri tu, wakalichoka, wakaokota la kilimani. Lugha hufanya hivyo. Kutoka hapo mpaka kwenye tabia ya taifa ni safari ambayo sina nauli yake.

Na dūn lenyewe lilitoka wapi? Hapa wataalamu wamegawanyika. Lugha za Kikelti zilikuwa na neno linalofanana nalo sana, lililomaanisha ngome, boma la juu lililozungushiwa ukuta. Mji wa Lyon, Ufaransa, Warumi waliuita Lugdunum, na dunum hiyo ndiyo ngome yenyewe. Verdun nayo ni hivyo hivyo. Wengine wanasema makabila ya Kijerumani yaliazima neno hili kwa Wakelti, maana ngome hujengwa kilimani. Wengine wanasema yalilirithi kwao wenyewe. Neno "dune", lile la vilima vya mchanga wa pwani, ni jamaa wa karibu aliyezunguka kupitia Uholanzi na Ufaransa kabla hajaingia Uingereza. Na Ireland ya Kaskazini iko kaunti inayoitwa Down. Hiyo si chini wala si kilima cha Kiingereza. Ni dún ya Kiayalandi, ngome.

Kuna mtego mmoja ulioninasa mimi mwenyewe, na nitausema ingawa unanitia aibu. Miaka ile nilipokuwa nafundisha tuisheni, mwanafunzi aliniuliza kwa nini ghala huitwa "godown". Bila hata kupepesa nikamwambia: kwa sababu mizigo hushushwa, inakwenda chini. Darasa zima likaandika. Ni uongo mtupu. Godauni ni neno lililosafiri baharini kutoka Asia: Wamalei husema gudang, na nyuma yao kuna lugha za kusini mwa India, Kitelugu na Kitamili. Wafanyabiashara wa Kizungu walilichukua huko, wakaliandika kwa jinsi masikio yao yalivyotaka, na likaja kushukia kwetu pamoja na reli na maduka ya Wahindi. Hamna "go" humo, wala hamna "down". Kama mmoja wa wale wanafunzi anasoma hapa, futa.

Fundo la mwisho la majina nalifungua taratibu, kwa sababu linaumiza watu. Katika mchango mmoja wa kumsaidia mtoto mwenye sindromu ya Down, nilimsikia mzee akieleza wenzake kwamba inaitwa hivyo kwa kuwa akili ya mtoto "iko down". Mama wa mtoto alikuwa amekaa viti viwili mbele. Down ni jina la mtu. John Langdon Down alikuwa daktari Mwingereza, na mwaka 1866 aliandika maelezo ya hali hiyo. Chanzo chake kilijulikana baadaye sana, mwaka 1959 huko Ufaransa: badala ya kromosomu mbili za namba 21, mtoto huzaliwa na tatu, jumla 47 badala ya 46. Ndiyo maana siku yao duniani ni tarehe 21 ya mwezi wa 3. Ukilifuatilia jina la ukoo la yule daktari mpaka mwisho, unarudi kilimani: Down ni jina la watu waliokaa kwenye dūn. Kwa hiyo hata huko neno halijawahi kumaanisha chini. Siku ile sikumwambia mzee kitu, na mpaka leo sijajisamehe.

Tatizo jingine la "down" si la asili, ni la matumizi. Waingereza walilizoea mpaka wakaanza kulitumia mahali ambapo hakuna mteremko. Katika reli zao, treni inayoelekea London hupita njia ya "up", na inayotoka London hupita ya "down", hata kama London yenyewe iko bondeni. Cheo cha mji ndicho kilichokuwa mlima. Hebu jaribu sheria hiyo kwenye reli yetu ya zamani, ile iliyofika Kisumu Desemba 1901, wakati kituo kilipoitwa Port Florence. Kutoka Nakuru inapanda mpaka Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, halafu inateremka mpaka ziwani, mita 1,134. Ukimwuliza mtu wa Nakuru kama Kisumu iko juu au chini, jibu linategemea umemkuta kwenye kilomita gani.

Ramani nazo zilileta balaa lake. Kwa kuwa tumezoea kaskazini kuchorwa upande wa juu, Kiingereza kikasema kwenda kusini ni kwenda "down". Si sheria ya mbinguni hiyo. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, alimchorea mfalme wa Sicily ramani ya dunia ambayo kusini iko juu. Ramani nyingi za Kikristo za Ulaya ya wakati huo ziliweka mashariki juu. Kiswahili cha pwani hakikujali karatasi kabisa, kilifuata pepo. Kaskazini ni unakotoka upepo wa kaskazi, kusini ni unakotoka kusi. Sisi wa bara tumerithi majina hayo pamoja na lugha, ingawa kaskazi na kusi hazijawahi kusukuma ngalawa hata moja pale Dunga.

Swali ambalo watoto wa shule kandokando ya ziwa huuliza, na walimu huliruka, ni hili: ramani imetundikwa ukutani, Ziwa Victoria liko huku chini, Misri iko kule juu. Maji ya Nile yanatoka Jinja yanakwenda Misri. Maji yanapandaje ukuta? Hayapandi. Yanateremka zaidi ya mita elfu moja mpaka baharini, na ni karatasi tu iliyosimamishwa vibaya. Wamisri wa kale hawakuwa na shida hiyo. Kwao Misri ya Juu ilikuwa kusini, kule mto unakotokea, na Misri ya Chini ilikuwa kaskazini kwenye bahari. Walitazama maji, na maji hayana ramani.

"Downtown" ni mtoto wa ramani hizo hizo. New York ilianzia kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, ikakua kuelekea kaskazini, kwa hiyo mji wa zamani wenye biashara ukawa "chini". Marekani nzima ikaiga, hata mahali ambapo katikati ya mji si kusini wala si bondeni. Lilipofika Nairobi likageuka tena: huku kwetu downtown ni ule upande wa River Road, wenye mikokoteni, maduka ya jumla na bei za kuelewana. Mmarekani akiambiwa ofisi iko downtown anafikiria maghorofa ya vioo. Mkenya anashika simu yake vizuri mfukoni.

Mwezi wa Septemba nilimsindikiza mpwa wangu chuoni. Tulipanda matatu Kisumu, na hapo pia Kiswahili kina visa vyake, maana unasema umepanda gari ukiwa bado tambarare. Tukapita Ahero mchele ukiwa umeanikwa, tukapanda Kericho kwenye majani ya chai, ukungu ukaanza kuingia dirishani. Msichana akatoa koti lake la kamera, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni. Unyoya mmoja mweupe ulichomoza kwenye mshono wa bega ukawa unatetemeka.

"Mau Summit!" konda akagonga bodi. "Mau Summit kuna wa kushuka?"

"Niko, mwanangu," mama mmoja wa kiti cha nyuma akajibu. "Nishukishe hapo kwa stage, na unisaidie na gunia."

Akashuka, mahali pa juu kuliko pote tulipopita siku hiyo. Mpwa wangu akanigeukia, macho yanacheka juu ya ukosi wa koti. Hakusema kitu mpaka gari lilipoanza kuteremka upande wa Nakuru. Ndipo akaegemea dirisha, akaivuta ile uu kwa makini kama mtoto wa nasari:

"Of duune."